Mshale Ulipotoka kwenye Tatu

Siku ya nne baada ya ile ndege kutua, watu wakaanza kumletea Mama Katungu wagonjwa.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa mtaa wa Mangobo mwenye mtoto wa homa. Alimkuta sokoni, nyuma ya magunia yake ya maharagwe, akapiga magoti pale pale kwenye tope bila kujali kikwembe chake, kile kitenge cha kujifunga.

"Mama, weka mukono tu. Ule mukono wa ndani ya ndege."

Katungu akautazama mkono wake wa kuume kama kitu alichoazimwa. Alitaka kusema hapana. Lakini kumkatalia mama mwenye mtoto wa homa ni kazi ngumu, na mtoto alikuwa akimtazama kwa macho makubwa yaliyokauka. Akaweka mkono kwenye kile kichwa cha moto, akasema maneno machache ambayo hata yeye hakuyasikia, kisha akasema kwa sauti: "Mupeleke hospitali. Leo hii. Usingoje kesho." Mwanamke akaondoka akiimba. Katungu akaufuta mkono kwenye kikwembe. Akaufuta tena.

"Mama Macho amekuwa Mama Mikono sasa!" akapiga kelele Adèle, muuza vitambaa wa meza ya jirani, na wanawake wa mstari mzima wakacheka kwa furaha. Mama Macho ndilo jina alilopewa sokoni tangu mumewe afariki na yeye kushika biashara peke yake. Hakuna mtu aliyewahi kumwibia kwenye mizani. Mshale ukicheza hata nusu ya alama, yeye ameona. Wauzaji wenye vidole vyepesi, wale wanaosukuma sahani kidogo kwa kidole cha mwisho, walikuwa wakimwambia wenyewe: "Mama Macho, kwako hatujaribu." Alilipenda lile jina. Mungu anisamehe, alijisemea siku ile, nililipenda kupita kiasi.

Adèle alikuwemo ndani ya ile ndege. Ndiye aliyeeneza habari, kutoka meza ya vitambaa mpaka meza ya samaki, na kila ilipopita meza moja ilinenepa.

Habari yenyewe, bila mafuta, ilikuwa hivi.

Walitoka Butembo mchana, watu wanne katika ndege ndogo ya viti sita, na nyuma yao magunia. Rubani alikuwa Sefu, mtu wa Kasongo, Mwislamu mpole ambaye wafanyabiashara wote walimwita Komanda. Hakuwa na msaidizi. Ndege za namna ile zilikuwa na rubani mmoja tu, na kiti cha mbele kando yake alipewa abiria. Siku ile alipewa Katungu. Nyuma yake alikaa Papa Ignace, katekista na mwongozi wa kikundi cha sala, ambaye kwenye karatasi za serikali aliitwa kwa jina jingine la babu zake, kama sheria ya kukataza majina ya Kizungu ilivyotaka, lakini kwetu sisi wa parokia alibaki Ignace. Kando ya Ignace alikaa Adèle na mabunda yake.

Msitu uliisha kidogo, mto ukaonekana, mweupe kwa jua la saa tisa. Sefu akashusha magurudumu. Kwa kawaida hapo huwaka taa tatu ndogo za kijani, moja kwa kila gurudumu. Ziliwaka mbili.

Sefu akazipiga kwa kidole. Mbili.

"Kuna nini, Komanda?" akauliza Ignace kutoka nyuma.

"Hakuna neno, Papa. Gurudumu moja halijasema kama limeshuka. Tutazunguka kidogo juu ya mto, niangalie."

"Halijasema? Na kama halijashuka?"

Sefu akavuta mkono wa pampu ya kushushia magurudumu uliokuwa kando ya kiti, akapampu mpaka jasho likamtoka. Taa mbili. Ndipo akamgeukia Katungu, na maneno aliyosema Katungu aliyakumbuka neno kwa neno, maana aliyasikia vizuri sana.

"Mama, weye njo mutu wa mizani. Unaona hii saa? Mushale mufupi iko kwenye tatu. Tatu njo urefu wetu hapa juu. Chini ya hapo, kidogo kidogo, kuko miti. Mi natoa ile taa, naweka ingine, nione kama ni taa imekufa ama ni gurudumu. Usukani naufunga na goti. Weye angalia mushale. Ukitoka kwenye tatu kwenda kwenye mbili, unipige hapa kwa bega. Kwa nguvu. Usiogope kunipiga."

"Nimesikia," akasema Katungu.

"Kazi yako njo hiyo tu."

"Nimesikia, Komanda."

Na aliangalia. Aliangalia kama anavyoangalia mizani ya mtu asiyemjua. Mshale ulikuwa kwenye tatu, ukatetemeka, ukarudi kwenye tatu. Sefu akafungua kile kitaa kwa kucha. Kikamponyoka. Kikaanguka, kikaviringika chini ya miguu ya Katungu.

"Samahani, Mama. Inua kikwembe kidogo."

Katungu akainua kikwembe, uso ukamchoma kwa haya, mjane wa miaka hamsini na kitu na kichwa cha mwanamume kimeinama kwenye magoti yake, na Ignace nyuma anaona. Akageuza uso pembeni. Akaurudisha kwenye mshale. Kwenye tatu, kasoro kidogo sana. Kasoro ambayo sokoni angeiona na angesema. Akajiambia ni mtikisiko.

Ndipo Ignace akaanza.

"Ndugu zangu, hii si saa ya taa. Hii ni saa ya kuita jina la Bwana! Adèle, mukono. Mama Katungu, lete mukono huku." Na mkono wake mpana ukapita katikati ya viti, ukaukamata ule mkono wa kuume, ule uliokuwa karibu na bega la rubani. "Fumbeni macho wote! Anayefumbua macho wakati wa sala ya hatari anamufungulia adui mulango!"

Ndivyo walivyosali katika kikundi chao kila Jumatano jioni kwa miaka sita. Mkono katika mkono, macho yamefumbwa, na hakuna anayefumbua mpaka mwongozi aseme amina. Mara moja mtoto wa Adèle alifumbua, akaona mjusi ukutani, akacheka, na sala nzima ikaanza upya. Katungu alilijua jambo lile mwilini kama anavyojua kupiga goti.

Akajiambia: Baba Yetu moja tu.

Akafumba.

Akasali Baba Yetu moja. Halafu Ignace akapandisha sauti, na Katungu akaogopa kufumbua kabla yake. Akaogopa kuwa yeye ndiye aliyemfungulia adui mlango. Akasali ya pili. Tumboni alisikia kitu kikilegea, kama lori linapoteremka mlima wa Kabasha dereva ameachia mafuta. Tumbo lilijua. Akalisikia, naye akaliita amani ya Roho Mtakatifu. Akasali ya tatu.

"Ya Rabi!"

Ilikuwa sauti ya Sefu. Katungu alipofumbua, kioo kizima kilikuwa kijani. Sefu alikuwa amekumbatia usukani kwa mikono miwili, amejivuta nyuma mpaka shingo ikatoka mishipa, na kitu kikapiga chini ya ndege kwa kishindo kama gunia linaloangushwa kwenye mbao. Adèle akalia. Kichwa cha Ignace kikagonga kiti. Halafu mto, karibu kabisa, na mvuvi mmoja akijitupa majini kutoka kwenye mtumbwi wake, miguu juu. Halafu mbingu.

Mwenye darubini kule uwanjani akamwambia Sefu kwa redio kwamba magurudumu yote matatu yalikuwa nje tangu mwanzo. Ni taa tu iliyokufa. Wakatua. Chini ya ndege bati lilikuwa limepasuka kama kopo la sardini, na kwenye gurudumu la kushoto lilining'inia kuti zima la mchikichi, bichi.

Ignace, damu inamtiririka kwenye paji la uso, akalichomoa lile kuti kwa heshima. Akalibeba mpaka kanisani kwa miguu, watu wakimfuata. Likawekwa kando ya altare, kwenye chupa ya maji.

Wiki iliyofuata wakaja wachunguzi wawili wa serikali kutoka Kinshasa, na makoti ya abakosi yasiyovaliwa na tai, na mafaili. Wakawaita abiria mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake, yule mkubwa akamwuliza Katungu kwa adabu:

"Citoyenne, mama mwananchi, wakati ndege inashuka, rubani alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anatafuta taa chini."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasali."

Yule mtu akatabasamu kidogo, hakuandika kitu. Akamshukuru. Katungu akatoka nje kwenye jua. Maneno yote aliyosema yalikuwa ya kweli, na aliyajua kwa jina lake: yalikuwa kama mizani iliyonyooka, huku gunia lina mawe katikati.

Sefu akasimamishwa kazi. Sokoni wakasema alikuwa amelala. Wakasema alikuwa amekunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. "Mwislamu gani anakunywa lotoko?" akauliza muuza chumvi mmoja, na Adèle akamjibu: "Njo ile ya kujificha, inalewesha zaidi!" Watu wakacheka. Wakasema wenye kusali walisali na mwenye kulala alilala, na asingekuwapo yule mama mjane wote wangekuwa chakula cha mamba. Kila waliposema hivyo walimtazama yeye, naye akatazama maharagwe.

Jumapili ya pili Padri Wenceslas akatangaza kwamba Jumapili inayofuata itakuwa misa ya shukrani, na Mama Katungu atatoa ushuhuda. Watu wakapiga vigelegele. Kuti lile lilikuwa limeanza kukauka ncha. Kwa wiki nzima Katungu hakula vizuri. Alisali, kwa maana alijua kusali. Lakini kila akifumba macho aliona kioo cha kijani, na mwisho akawa anasali huku ameyakazia macho ukuta wa nyumba yake, ule ufa ulio juu ya kitanda.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, alipokuwa amerudisha jembe, hakwenda nyumbani. Akashika njia ya mtaa wa Kabondo.

Nyumba ya Sefu ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa. Kwenye kamba uani ilikuwa imeanikwa shati moja jeupe lenye mistari ya rubani mabegani. Mke wake alikuwa analigeuza likauke upande wa pili.

"Analifua kila wiki," akasema Sefu, akileta kiti. "Hata halivaliwe. Karibu, Mama Katungu. Leta chai, mama watoto."

Alikuwa amekonda. Waliulizana habari za nyumbani, za watoto, za soko. Chai ya tangawizi ikaja. Katungu akaishika gilasi, hakunywa.

"Komanda, watu wa Kinshasa uliwaambia nini juu yangu?"

"Juu yako? Hakuna. Jina lako sikutaja."

"Kwa nini?"

Sefu akacheka kicheko kisicho na kitu ndani.

"Haya, Mama. Ni aibu tu. Mutu ana miaka kumi na moja angani, na anaacha ndege yake, anaingia chini ya kiti kutafuta taa iko ndogo kama punje ya haragwe. Batu wane iko juu ya miti, na mi natafuta punje. Alors, niongeze tena kwamba nilimupatia ndege muuza maharagwe? Wangenicheka mpaka Kinshasa." Akazungusha gilasi yake. "Na tena nilijisemea, si kosa lako. Labda sikukueleza vizuri. Minalala, minawaza: nilisema tatu ama nilisema mbili? Nilimuonyesha mushale mufupi ama murefu? Mama wa watu hajawahi kuona ile saa, mi namuambia mara moja tu, haraka haraka. Angejua namna gani?"

Hapo Katungu aliona mlango. Ulikuwa wazi kabisa. Hakulazimika kusema hata uongo. Kunywa chai tu, kuitikia, kwenda zake. Mtu mwenyewe alikuwa amemfungulia.

"Ulinieleza vizuri," akasema.

Sefu akainua macho.

"Ulisema mshale mfupi. Ulisema tatu. Ulisema nikupige begani kwa nguvu. Nilielewa kila neno, Komanda. Nilifumba macho."

"Ulifumba…"

"Kwa sala. Ignace alisema tufumbe. Nilimpa mkono, ule wa kukupiga. Nilisema nitasali moja, nikasali tatu. Na kabla ya hapo niliuona umeanza kutoka. Kidogo. Niliuona, nikanyamaza."

Mke wa Sefu alikuwa amesimama na birika. Akaliweka chini kwa kishindo.

"Wiki tatu," akasema, si kwa Katungu, kwa birika. "Wiki tatu huyu mutu halale. Anaamuka anachora saa kwa kidole juu ya mukeka. Ananiuliza mimi, mimi, kama nimeelewa." Akaingia ndani, pazia likabaki linacheza.

Sefu akaangalia lile shati kwenye kamba. Mwisho akauliza:

"Kesho kwenye kanisa yenu batasema nini?"

"Watasema ni muujiza wa sala."

"Na mimi, batasema nini?"

Katungu akaweka gilasi chini. Akaaga. Chai yake ilibaki imejaa.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka kwenye madirisha. Mwanamke wa Mangobo alikuwa mbele na mtoto wake, amepona, maana alimpeleka hospitali. Ignace alikuwa na kovu jipya kwenye paji la uso, amelishika kuti kwa mikono miwili, limekauka sasa, likitoa sauti kila alipopumua. Padri Wenceslas akamwita. Vigelegele vikapanda. Katungu akatembea katikati ya watu, na kila hatua mtu aligusa kikwembe chake.

Alisimama kando ya lile kuti.

"Ndugu zangu," akasema. "Mimi si mutu wa maneno. Mnajua naitwa nani sokoni."

"Mama Macho!" wakaitikia, wakicheka.

"Komanda Sefu hakulala. Hakunywa. Alinipa kazi ya kuangalia mshale, kwa sababu anajua mimi ni mtu wa mizani. Alisema ukishuka nimpige bega. Ulishuka. Sikumpiga." Kicheko kilikuwa bado kinazunguka pale nyuma, kikafa polepole, benchi kwa benchi. "Nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nasali. Hili kuti si zawadi. Hili kuti ni pale nilipofumba macho."

Mtu akakohoa. Adèle, kwenye benchi la tatu, akaweka mkono mdomoni: "Mama weee."

Ignace akasogea karibu, akanong'ona, lakini kanisa lilikuwa kimya na wote wakasikia. "Mama Katungu, acha. Adui anataka kukunyang'anya ushuhuda wako. Utaaibisha sala!"

"Papa Ignace, adui hayumo. Ni mimi. Na sala haina kosa. Mungu alikuwa amenipa macho siku ile, na kazi ya macho, na mtu wa kuniambia. Mimi nikamrudishia macho yake, nikamwambia aangalie mwenyewe." Akawageukia watu. "Mtu wa watu ametukanwa wiki tatu. Nilisikia kila siku. Nilikuwa napima maharagwe."

Aliona nyuso. Nyingine zilikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa juu ya Sefu. Ilikuwa juu yake, kwa kuwachukulia kitu chao. Mwanamke wa Mangobo akamvuta mtoto karibu na kifua, akamfunika kichwa kwa kitambaa.

Padri Wenceslas akainuka kitini. Kisha akasema tu: "Tusali." Na Ignace, kwa mazoea ya miaka yote ile, hata hakujua kinywa chake kimesema: "Tufumbe macho."

Kanisa zima likafumba.

Katungu hakufumba. Alisimama pale mbele, mikono imeshikana, midomo inasali, macho wazi. Alimwona Adèle akilia. Alimwona Ignace, kope zimekazwa, kuti amelikumbatia. Na pale mlangoni, kwenye mwanga, alimwona Sefu. Alikuwa amevaa lile shati jeupe. Viatu alikuwa amevivua, kama wanavyovua kwao, amevishika mkononi, hakujua kwamba kwetu huingii hivyo. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama Katungu, hakutabasamu, hakutikisa kichwa. Akangoja.

Amina ilipopita na watu wakafumbua, yeye alikuwa ameshatoka nje. Katungu akamfuata kwa mlango wa kando, hakuna aliyemgusa kikwembe safari hii. Akamkuta kwenye ngazi anafunga kamba za viatu.

"Kesho saa tatu," akasema Sefu bila kuinua kichwa, "bale ba Kinshasa banafunga faili. Mi naenda kuwaambia nilikupatia mushale. Hiyo ni kosa langu, haikuandikwa, itaandikwa. Pengine batanifukuza kabisa. Utakuja useme yako?"

"Nitakuja."

"Kila kitu? Mpaka ya kuinua kikwembe?"

Katungu aliona uso ukimchoma tena, kama siku ile.

"Mpaka ya kikwembe," akasema.

Sefu akamaliza kufunga kiatu cha pili, akasimama, akajinyoosha shati. "Bon. Saa tatu," akasema, akashuka ngazi. Katungu alibaki amesimama, akimwangalia anavyokwenda barabarani, na hakutoa macho mpaka lile shati likapotea kwenye kona ya Kabondo.